Kimeng'enya cha Tatu

Mzungu mwenye sanduku la bluu alikata kona nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, bila kugeuza shingo.

Dama Kitsao alihesabu mpaka tatu, akakata kona ileile.

Hakumkuta.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Palikuwa na paka wawili na mkokoteni wa maji, na mwenye mkokoteni amekalia mtungi wa plastiki akinywa kahawa chungu. Milango minne, yote imefungwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi 1994, saa nne na robo asubuhi, na jasusi anayetegemewa kuliko wote pwani nzima alikuwa amepotezwa na mzee wa miaka sitini mwenye goti bovu.

Aibu iliyoje!

Chini ya buibui la kuazima, bastola yake aina ya Beretta ilikuwa imemchoma ubavu tangu alfajiri. Ndani ya kikapu, chini ya maembe mawili, redio ya Motorola ilikoroma.

"Kozi, hapa Mnara."

Mnara alikuwa Bramwel, mkuu wake, mtu wa bara asiyepoteza neno. Alikuwa amekaa katika ofisi isiyo na kibao upande wa Kizingo.

"Kozi yupo," Dama alijibu kwa jina lake la kazi.

"Umemwona?"

"Nimempoteza, mkuu. Sasa hivi."

"Malori ya mbegu yanaondoka bandarini saa sita. Meli yake inaondoka saa saba. Sijui anataka nini na mbegu zile. Wewe unajua?"

"Bado."

"Basi jua."

Redio ikanyamaza.

Mzungu huyo aliitwa Reinier Voss. Wiki tatu zilizopita alishuka Kilindini na karatasi za mtaalamu wa dawa za mbegu, ameletwa na shirika la misaada. Karatasi zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno, kwa sababu shirika lenyewe halikuwa na ofisi popote duniani. Lakini kabla Idara ya ujasusi haijaligundua hilo, Voss alikuwa amekwisha kuingia na kutoka katika bohari ya mahindi ya mbegu kama mtu anayeingia jikoni kwake. Malori tisa yalikuwa yanangoja kwenda kwenye ukame.

Ukame huo Dama hakuusoma gazetini. Mama yake aliishi Ganze, kwenye ukame wenyewe. Januari mama yake alishusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa juu ya moshi wa meko, mahindi ambayo mtu hayagusi hata akiwa na njaa, akayapika. Majirani nao walipika yao. Mvua ikinyesha, watu wale wangepanda mbegu ya lori au wasipande kabisa. Na wangepanda mara moja tu.

Mlango wa pili ukafunguka. Kichwa cha bibi mmoja kikatoka, mtandio wa manjano, macho makali.

"Wamtafuta nani, mwanangu?"

Jasusi hakosi uongo, na siku hiyo uongo ulikuwa karibu. Kwenye kibaraza palikuwa na sinia la asumini.

"Sabalkheri, bibi. Natafuta vikuba. Nimeambiwa hapa vyauzwa."

"Akheri, mwanangu. Lakini yeo huna bahati. Ndoo utizame mwenyewe," bibi alisema, akamwashiria aingie.

Bi Shukri alikuwa mfunga vikuba. Alikuwa akifunga asumini na rehani, yale majani ya kunukia, vishada vidogo vya wanawake kubandika kifuani, kazi aliyoirithi kwa mama yake, na uani alikuwa na rehani zake mwenyewe katika madebe ya mafuta ya Kimbo, mistari mitatu, yapata madebe arubaini.

Dama aliinama kuzitazama.

Majani ya chini yalikuwa kijani kibichi, mazima, yananukia. Vichwa vyote vilikuwa vyeupe. Si manjano ya kiu, si madoa ya wadudu. Vyeupe pe, debe baada ya debe, kila jani jipya limetoka bila tone la rangi.

"Siku nane hizi," Bi Shukri alisema. "Majani ya kale yako sawa. Machanga yatoka kama yalovikwa sanda. Mtu amenitilia jito la hasidi, na namyua. Usiku nina harusi ya watu, vikuba sitini! Nani atavaa rehani hini?"

"Una simu, bibi?"

Simu ilikuwepo, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kabla ya Idara kumchukua, Dama alisoma kemia ya viumbe miaka minne chuo kikuu, na darasa lake lilikuwa na msichana mmoja tu aliyemshinda. Msichana huyo sasa alikuwa mtaalamu wa Idara, maabara ya Nairobi, na Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi.

"Purity. Dama hapa. Rehani, majani ya zamani kijani, machanga meupe kabisa. Ghafla. Yote pamoja."

Upande wa pili karatasi zikachakarika.

"Purity?"

"Nakusikia. Kuna bakteria anayeshambulia maua fulani ya bustani," Purity alisema polepole. "Hutoa sumu. Unakumbuka jinsi jeni zinavyofanya kazi? Jeni hazitoki ndani ya kiini cha seli. Hunakiliwa, na nakala ndizo zinazotoka kwenda kazini."

"Na vimeng'enya vitatu ndivyo vinavyonakili."

"Vitatu. Sasa sumu hii inachagua. Cha kwanza inakiacha. Cha pili inakiacha. Inakikaba cha tatu peke yake. Na ile sehemu ya jani yenye ukijani ina kimeng'enya chake cha kunakili, nacho inakikaba. Jani lililokwisha kukua halina neno, kazi yake ilishafanyika. Jani jipya linatoka bila ukijani, halijui kujilisha."

"Ikiwa ni mbegu ya mahindi?"

"Itaota vizuri. Itakula akiba ya punje, itoe majani mawili matatu meupe, mkulima ashangilie kwamba imeota. Kisha itakufa shambani mbele ya macho yake. Dama, uko wapi wewe?"

Dama alikuwa amekwisha kumgeukia Bi Shukri.

"Bibi, rehani mwazitilia mai gani?"

"Mai ya mkokoteni n'tayaweza? Mfereji umekauka tangu mwezi jana. Nakinga ya mlizamu." Akaonyesha bomba kuukuu lililotoka ukutani, ghorofa ya juu, na ndoo chini yake. "Mpangaji wa juu huosha vyombo vyake kutwa, vichupa na vichupa. Mai yake masafi. Mji huu mai hayatupwi, mwanangu."

Voss alikuwa amefikiria kila kitu. Alighushi mihuri, akajifunza ratiba za bandari, akachagua nyumba isiyo na dirisha la mbele. Lakini kwao maji yakishaingia kwenye shimo la karo la kuoshea vyombo huwa yamekwisha. Hakujua kwamba Mji wa Kale maji ya mtu yana mwenyewe wa pili, wakati mwingine na wa tatu.

"Mpangaji gani, bibi?"

"Mzungu. Mstaarabu, haachi kuniamkia. Yule wa goti."

Na hapo mlizamu ukakohoa. Maji yakaanza kuanguka ndooni.

Yupo.

Dama akalitupa buibui juu ya kamba ya nguo, akaitoa Beretta.

"Toka nje, Bi Shukri. Ufunge mlango. Usirudi mpaka nikuite."

Bi Shukri aliitazama bastola, akamtazama yeye.

"Na vikuba hukuvitaka," alisema kwa uchungu, akatoka.

Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba, zimelika katikati. Dama alipanda pembeni asiteleze. Mlango wa juu ulikuwa wazi kidogo. Akasukuma kwa kidole.

Voss alikuwa karoni, amempa mgongo, anasuuza chupa. Kando yake friji ndogo ya Electrolux, sanduku la bluu, na dirishani trei pana ya mchanga. Katika trei mlikuwa na mimea ya mahindi, urefu wa kidole, imesimama wima mistari kwa mistari.

Yote meupe.

Dama aliitazama nusu sekunde kupita kiasi. Kosa hilo lilitosha.

Mtu alitoka nyuma ya mlango na kisu. Huyo alikuwa Faraj, mlinzi wa Voss, bonge la mtu. Kisu kilipita sikioni, kikachana bega. Dama akajiachia chini, akampiga teke la goti, akafyatua.

Mlio ulijaza chumba. Faraj alikaa sakafuni ameshika mkono wake, akilia kama mtu mzima asivyopaswa kulia.

"Chupa chini, Dokta Voss. Polepole."

Voss akaiweka. Hakuonekana kushtuka. Alikausha mikono kidole kwa kidole.

"Umenikuta kwa njia gani?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha miaka kumi na moja Tanga.

"Umemwagilia bustani ya watu."

Hakuelewa, na Dama hakuwa na muda wa kumwelewesha.

"Mbegu za malori. Umezitia sumu?"

"Jana." Voss alitazama saa yake, Omega ya dhahabu. "Malori mawili kati ya tisa. Rangi nyekundu ya dawa ni ileile, gunia ni lilelile, uzani ni uleule. Maabara yenu itapima kwa muda gani? Wiki mbili? Na Bara mvua imeanza usiku wa kuamkia leo. Mimi nasikiliza redio, bibi."

"Faida yako nini?"

"Mbegu ya msaada ikifa shambani, nani ataiamini tena? Mabwana zangu wana mbegu yao. Watu watainunua mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine." Akatabasamu. "Sumu hii ina adabu. Haiui mtu, haiui ng'ombe. Inafunga mlango mmoja tu ndani ya seli, basi. Niache nipande meli. Nikifika ngazini nitakutajia nambari za malori hayo mawili. Ukikataa, hutazijua kamwe."

Tuseme ukweli, Dama alivutwa. Alimfikiria mama yake ameinama shambani na jembe, punje tatu kila shimo. Mzungu mmoja kwenda zake kwa nambari mbili za malori, ilikuwa bei ndogo.

Akabonyeza redio.

"Mnara, hapa Kozi. Ninaye. Mbegu zimetiwa sumu. Anasema malori mawili, hataki kusema yapi."

"Choma yote tisa."

"Mkuu, watu wamekula mbegu zao. Hakuna nyingine mpaka—"

"Yote tisa, Kozi. Siwezi kupeleka sumu mashambani kwa kubahatisha."

"Nipe saa moja."

"Dakika thelathini. Kisha naleta petroli."

Athmani, dereva wa Idara, alileta Peugeot 504 mpaka mdomo wa kichochoro. Faraj alichukuliwa na maofisa wawili waliokuja na Athmani. Voss akatiwa pingu, akasukumwa kiti cha nyuma na trei ya mahindi meupe mapajani.

"Bega lako latoka damu, dada," Athmani alisema.

"Endesha."

Peugeot ikapita Makadara honi mkononi, ikakata Mwembe Tayari, ikaingia barabara ya bandari na kuyapita matrela kwa upande usio wao. Dama alikazia macho saa yake ya mkononi. Aliogopa. Si kufa, hilo alishalizoea. Aliogopa dakika ya thelathini.

Malori yalikuwa yamejipanga nje ya bohari, Isuzu tisa, maturubali yamefungwa, madereva wamekaa kivulini. Kando, kwenye kivuli kingine, makuli walikuwa wanakula mahamri. Mkubwa wa genge lao alikuwa Charo, mtu wa Majengo, mwembamba, mabega yamepauka kwa miaka thelathini ya magunia.

Dama akamwendea na trei.

"Kaka Charo, shughuli njema. Nani alipakia malori haya?"

"Njema, dada. Sisi." Charo aliitazama trei, uso ukamkunjamana. "Mahindi gani haya? Yana ugonjwa?"

"Ndivyo yatakavyoota baadhi ya magunia uliyonayo hapa. Sijui yapi. Magunia yote mmepakia wenyewe?"

Charo alitafuna polepole.

"Yote, isipokuwa ya jana adhuhuri. Ijumaa nusu ya genge wenda msikitini, sisi wengine twenda kula. Tuliporudi tukakuta huyu mzungu ameleta watu wake, wamepakia. Akasema ametusaidia." Akatema kipande cha hamri. "Kuli gani asaidiwa?"

"Walipakia malori mangapi?"

"Wallahi sikuhesabu. Turubali nyingi zilikuwa zishafungwa."

"Utaweza kuitambua kazi yao?"

Charo alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anaitambua sahani yake.

"Fungua turubali."

Dakika kumi na tisa zilibaki.

Makuli walipanda. Kamba zikaruka. Charo alitembea lori kwa lori, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua kucha. La kwanza akatikisa kichwa. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu akasimama.

"Hili. Tazama midomo."

Dama akatazama. Kila gunia mdomo wake ulioshonwa ulikuwa umeelekea nje, uzi mweupe unaonekana.

"Sisi Kilindini twalaza gunia mdomo ndani," Charo alisema. "Lori likipanda kilima cha Mazeras lenda pole. Wezi warukia nyuma. Wakikuta mdomo uko nje, wakata uzi tu, mahindi yamwaika barabarani yote. Kuli wa hapa hata umwamshe usingizini hawezi kulaza gunia hivi. Babake angemchapa."

La sita pia. Midomo nje.

Voss alikuwa amesimama kando ya Peugeot, pingu mikononi. Alikuwa anatabasamu bado.

"Mawili," alisema. "Nilikwambia. Hongera. Funga kazi."

Dama akavuta pumzi. Mawili, kama alivyosema mwenyewe. Dakika tisa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha redio.

"Ngoja," Charo alisema.

Alikuwa juu ya lori la nane. Safu za juu zilikuwa midomo ndani, sawasawa. Alikuwa ameingiza mkono baina ya magunia mpaka begani, anapapasa safu za chini, amefumba macho.

"Hapa chini ni wao. Juu ni sisi. Lori hili tulilimalizia sisi jana alasiri, tulilikuta nusu."

Dama hakumtazama Charo. Alimtazama Voss.

Tabasamu lilikuwa limeondoka. Uso wote ulibaki mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ulionekana uso wa mzee. Angetaja mawili pale kwenye ngazi ya meli. Hili la nane lingekwenda zake, na shetani mwenyewe angelipungia mkono.

"Mnara, hapa Kozi. Choma la tatu, la sita na la nane. Sita yaliyobaki ni safi. Yaende."

"Nani anathibitisha?"

"Mkubwa wa makuli."

Redio ikakoroma.

"Kozi, unataka nipeleke mbegu kwa watu laki moja kwa sababu ya jinsi gunia lilivyolala?"

"Ndiyo, mkuu."

"Na kama kuna la nne lenye sumu?"

Dama alimtazama Charo. Charo alishuka, akajipangusa mikono, akaanza tena kutoka lori la kwanza, bila kuambiwa. Alipapasa kila safu mpaka ya chini kabisa. Alipomaliza akarudi akasimama mbele yake.

"Sita haya ni yangu, dada. Gunia kwa gunia."

"Hakuna la nne, mkuu."

"Utaandika?"

Jasusi haandiki jina lake popote. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi, na Dama alikuwa ameishika miaka tisa.

"Nitaandika."

Aliandika juu ya boneti ya Peugeot, nyuma ya hati ya mzigo. Dama Kitsao, jina kamili, sahihi. Damu ya bega ilidondokea pembeni ya karatasi, akaifuta kwa kiganja. Saa sita kasoro dakika mbili lori la kwanza likawasha injini. Ubavuni mwake palikuwa na neno moja kwa chaki, la kuwaelekeza madereva.

GANZE.

Dama alilitazama mpaka likapinda na kupotea. Alitamani kulisimamisha. Hakulisimamisha.

Malori matatu yalichomwa alasiri hiyo, pamoja na sanduku la bluu na kila kilichokuwemo. Moshi ulikuwa mwekundu kwa ile dawa, na makuli walisimama mbali, wamefunga pua. Voss hakupanda meli yake. Lakini hakufika mahakamani pia. Siku ya nne barua ilitoka juu, muhuri mzito, na mzee wa goti bovu akasindikizwa mpaka ndani ya ndege, akasafirishwa kwao. Mabwana zake hawakutajwa popote.

"Watajaribu tena," Bramwel alisema. "Bandari nyingine. Mbegu nyingine."

"Najua."

"Na ile karatasi yako ninayo."

"Hilo nalo najua."

Siku hizo Dama hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliona trei. Alizihesabu siku za mahindi kama mama mjamzito anavyohesabu zake: siku ya kuloa, siku ya kupasua ardhi, siku ya jani la kwanza. La kwanza lingeweza kudanganya. Alingoja la tatu.

Siku ya kumi na tano, saa tatu asubuhi, aliingia kibanda cha simu nje ya Posta, barabara ya Digo, na mfuko wa sarafu. Alipiga duka moja la Ganze, akaomba mama yake aitwe. Alingoja, akitia shilingi juu ya shilingi, huku mtu nyuma yake akigonga kioo.

Hatimaye sauti ikaja, yenye pumzi za mtu aliyetembea haraka.

"Dama? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Mumepanda?"

"Tumepanda. Mvua imekuja kweli mwaka huu. Yameota yote, hata mashimo ya pembeni."

"Yana majani mangapi?"

"Matatu. Mengine manne."

Dama alishika waya wa simu kwa mkono wa pili.

"Rangi gani, mama?"

"Ati nini?"

"Majani. Yana rangi gani?"

Mama yake akacheka kicheko ambacho Dama hakuwa amekisikia tangu Januari.

"Mwanangu, mji umekuharibu akili. Kwani mahindi huota rangi gani? Ya kijani! Umenitoa shambani kuniuliza hilo? Nina palizi mimi."

Simu ikakatwa.

Dama alisimama na mkono wa simu sikioni mpaka mtu wa nje alipogonga kioo tena. Akautundika. Akatoka, akamwomba radhi kwa kumchelewesha, akafuta macho kwa upande wa kiganja. Kisha akavuka barabara kuelekea Marikiti, pole pole, kama mwanamke yeyote aendaye sokoni kununua nazi.